Shajara ya mradi: kuutoa moto wa zebaki katikati ya nyumba, Ruangwa

19 Mei 2024: Tunapoanzia

Kijiji chetu kiko wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Ukitaja dhahabu ya huku, watu wanakujibu machimbo ya Namungo, lakini maduara madogo, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yapo sehemu nyingi zisizojulikana nje ya wilaya, na watu wanaochimba ndio haohao wanaopulizia mikorosho. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwenye mwalo, yaani mfereji wa mteremko uliotandikwa mablanketi, na kile kizito kinachobaki kinachanganywa na zebaki ndani ya beseni. Zebaki inaikamata dhahabu, donge linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linachomwa.

Mradi huu unahusu hapo kwenye kuchoma. Donge hata likikamuliwa vizuri, karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki, na zebaki inachemka kwenye nyuzijoto 357, joto ambalo jiko la mkaa lenye mvukuto linalifikia bila taabu. Nusu hiyo yote inageuka mvuke. Mwingine unachukuliwa na upepo mbali sana, mwingine unapoa papo hapo na kutua kwenye bati, kwenye udongo wa uani, kwenye majani ya muhogo ambayo kesho yatatwangwa kisamvu. Huku kwetu donge linachomwa nyuma ya jiko, mara nyingi kwenye jiko lenyewe, mama akiwa na mtoto mgongoni. Mvuke huo unaingia kwenye damu kupitia mapafu, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Kikundi chetu cha wanawake wa mwaloni na wachimbaji kimekubaliana mambo mawili. Kwanza, tuwe na kituo kimoja cha kuchomea, mbali na nyumba, chenye ritoti, yaani chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba la kuupoza mvuke mpaka uwe zebaki tena. Pili, tuuondoe udongo wa pale palipochomewa kwa miaka mingi, kabla mvua za Desemba hazijausukuma bondeni kwenye mpunga. Ninaandika ili kijiji kingine kikitaka kufanya hivi kisianze kupapasa.

2 Juni 2024: Kuupima udongo

Kipimo cha kwanza hakina gharama: karai la kuoshea dhahabu. Lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu, kwa hiyo udongo ukipepetwa ndani ya maji, zebaki inabaki chini na vitone vyake vinaonekana kwa macho. Tulichota udongo nyuma ya jiko moja, chini ya mwembe wanapokaa wakamuaji, kwenye njia ya kwenda kisimani, na kwenye shamba la mikorosho lililo mbali. Nyuma ya jiko na chini ya mwembe vitone vilitoka, vikakimbizana kwenye karai. Njiani na shambani hapakutoka kitu. Maji ya kupepetea yalibaki kwenye beseni, hayakumwagwa kijitoni.

Karai lina mpaka wake. Linaonyesha zebaki iliyo vitone tu. Iliyokwisha kujishika na mboji au na kutu ya udongo mwekundu haionekani, na hiyo inaweza kuwa nyingi. Ndiyo maana tulichangishana tupeleke sampuli maabara.

Mzigo wa kwanza uliharibika. Vijana waliuanika juani kwenye bati, kama tunavyoanika makopa, wakaufunga kwenye mifuko ya plastiki. Maabara wakaukataa: zebaki inaondoka na joto la jua, na inapenya plastiki laini. Udongo wa kupimwa zebaki unakaushwa kivulini, unawekwa kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, unasafirishwa ukiwa umepoa. Tulirudia kwa chupa za dawa zilizooshwa vizuri. Majibu: shamba la mbali liko sawa na udongo wa kawaida, ambao kwa sehemu nyingi za dunia huwa chini ya miligramu 0.1 kwa kilo. Nyuma ya jiko pamezidi mno. Na njia ya kisimani, ambako karai halikuonyesha chochote, nayo imezidi waziwazi. Watoto wanapita pale peku kila siku. Hilo liliniuma kuliko majibu mengine yote.

Gharama: vipimo na nauli, Sh 310,000, pamoja na ule mzigo uliokataliwa.

23 Juni 2024: Ritoti ya kwanza inavuja

Vyuma vilichelewa. Kimbunga Hidaya cha mapema mwezi Mei kilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa, na bei za duka la vyuma hazijarudi zilikokuwa.

Fundi alitengeneza chungu kwa kipande cha bomba nene la inchi tatu, akachomelea kitako, akakichongea mfuniko unaobanwa kwa skrubu kubwa. Juu ya mfuniko linatoka bomba la nusu inchi, linapinda na kushuka kupitia nusu pipa la maji, mwisho wake kwenye kikombe. Kanuni yenyewe ndiyo hiyo tu. Kilichotusumbua ni vifaa.

Bomba lilikuwa la maji la kawaida, lenye ngozi ya zinki, na kiungo cha kona kilikuwa cha shaba ya njano. Zebaki inaila zinki na inaila shaba, kama inavyoikamata dhahabu. Mara chache tu za kuchoma, nyuzi za kiungo zikawa laini na nyeupe, na mvuke ukaanza kutokea pale pale palipotakiwa kuuzuia. Alumini ndiyo mbaya zaidi, inaoza kabisa. Chuma hakishikwi na zebaki, na ndiyo sababu hata inaposafirishwa viwandani hutiwa kwenye chupa za chuma. Kwa hiyo: chuma cheusi kitupu kuanzia chungu mpaka ncha ya bomba, na kona zipindwe kwa moto au zichomelewe, zisiungwe kwa kiungo cha dukani.

Utepe mweupe wa mafundi bomba nao hauna nafasi hapa. Kwenye joto hili unaungua na kutoa moshi wenye sumu yake mwenyewe.

Mfuniko tuliuziba kwa udongo wa kichuguu. Ukiwa peke yake ulipasuka kwenye joto. Bibi mmoja mfinyanzi alituelekeza tuchanganye nusu kichuguu nusu jivu lililochekechwa, tupake mwembamba, tuukaushe kwa moto mdogo kabla ya kuchochea. Mpaka leo haujapasuka.

Gharama: chungu na kazi ya fundi Sh 95,000, bomba na kona zilizotupwa Sh 28,000, bomba jeusi Sh 34,000, pipa Sh 25,000.

7 Julai 2024: Maji yaliyotaka kurudi

Atakayeiga mradi huu asome hapa mara mbili.

Ncha ya bomba ilikuwa imezamishwa kwenye kikombe cha maji ili mvuke usitoroke. Moto ukiwaka mambo yanakwenda sawa. Moto ukipungua, hewa iliyo ndani ya chungu inajikunja, na chungu kinaanza kunyonya. Tulisikia maji yakipanda kwenye bomba. Yakifika kwenye chuma kilichoiva yanalipuka kuwa mvuke, yanarusha mfuniko, na zebaki yote inawatapakaa waliokaa karibu. Kijana aliyekuwa kwenye mvukuto alikipiga kikombe teke ncha ikapata hewa, na hakuna aliyeumia.

Marekebisho: ncha inaishia upana wa vidole viwili juu ya maji. Inavishwa mkono wa kitambaa cha pamba kilicholowa, unaoning'inia hadi kugusa maji. Mvuke uliobaki unaganda kwenye kitambaa, na chungu kikinyonya kinapata hewa kupitia kitambaa. Bomba literemke moja kwa moja bila kubonyea popote, la sivyo zebaki inatuama njiani na kukaa hapo mpaka mchomaji wa kesho aipashe tena. Mkaa uwekwe pembeni na juu ya mfuniko pia, maana mfuniko uliopoa unarudisha zebaki juu ya dhahabu. Chungu hakifunguliwi mpaka kipoe kabisa, hata mwenye dhahabu awe na haraka kiasi gani.

Wachomaji wanakaa upande upepo unakotoka. Barakoa za kitambaa na zile za hospitali zinazuia vumbi tu. Mvuke wa zebaki unazipita.

28 Julai 2024: "Siioni dhahabu yangu"

Chuma kilikuwa tayari, watu hawakuja. Mzee mmoja mwenye duara alisema wazi mbele ya mkutano:

"Mama Katibu, mimi nimezoea kuiona dhahabu yangu ikigeuka rangi machoni pangu. Leo unaniambia niifungie ndani ya chuma, nisubiri. Nikikuta pungufu nimshike nani?"

"Una haki, mzee wangu," nikamjibu. "Basi mizani itajibu. Tupime donge kabla, tupime dhahabu na zebaki baada, na wewe ndiye usome namba."

Tulinunua mizani ya kidijitali kwa Sh 40,000. Alileta donge dogo. Kilichotoka kwenye chungu na kilichotoka kwenye kikombe vikijumlishwa vilikaribia sana uzito wa mwanzo. Tofauti ndogo ilikuwa matone yaliyoganda bombani, tukayagonga yakatoka. Alichokaa nacho kimya kwa muda ni ile zebaki kwenye kikombe. Kwa bei anayonunulia, alikuwa akiichoma fedha yake mwenyewe kila wiki. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewaleta wengine. Pamoja na kwamba mimi nilianza mradi huu kwa ajili ya watoto, ninakubali kuwa kilichouza ritoti kijijini ni kile kikombe.

Shida nyingine ilikuwa rangi. Dhahabu inayotoka kwenye chungu cha chuma inakuwa ya kahawia iliyofifia, na broka akaitolea bei ya chini akidai ni chafu. Tulijaribu kuongeza mkaa, haikusaidia. Kilichosaidia ni vitu viwili: kuweka karatasi chini ya donge ili dhahabu isigusane na chuma, na kuiyeyusha baadaye kwa boraksi, ile chumvi nyeupe ya kuyeyushia dhahabu, kwenye kikombe cha udongo mpaka ing'ae. Ila dhahabu iliyotoka kwenye ritoti bado ina zebaki kidogo ndani yake, kwa hiyo kuyeyusha nako kunafanyika hapohapo kituoni, kwenye upepo, si nyumbani wala dukani kwa broka. Walio kwenye maduka ya kununulia dhahabu wanavuta mvuke huu kila siku bila kujua.

Wapo waliouliza kama boraksi inaweza kuondoa zebaki yote kwenye kazi. Wachimbaji wa Benguet huko Ufilipino wanayeyusha dhahabu yao kwa boraksi bila zebaki kabisa. Inataka unga uoshwe hadi ubaki mzito sana na mchache, na mwalo wetu haujafika hapo. Ndiko ninakotaka tufike.

18 Agosti 2024: Zebaki iliyochoka

Zebaki iliyorudi kwenye kikombe ilivunjika vipande vidogo, haikukusanyika, haikukamata dhahabu vizuri. Vijana wakaanza kuimwaga na kununua mpya. Yaani tulikuwa tunaiokoa hewani kisha tunaimwaga ardhini.

Dawa yake ni rahisi. Mimina zebaki kwenye bakuli la kioo, juu yake maji yenye chumvi ya kawaida. Waya wa upande hasi wa betri ya pikipiki uguse zebaki, wa upande chanya ufungwe kwenye kijiti cha kaboni kutoka betri kuukuu ya tochi, kikae kwenye maji bila kugusa zebaki. Baada ya dakika chache vipande vinakimbiliana na kuwa donge moja linalong'aa. Fanyeni nje, kwa sababu maji hayo yanatoa gesi ya klorini. Ifanyike siku ileile ya kuitumia, maana nguvu hiyo haikai.

Chupa za zebaki sasa zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na kila chupa ina maji kidogo juu yake ili isivukize. Kisheria zebaki ni kemikali inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ya magendo inayouzwa kwenye chupa za soda haina mwenyewe wa kuulizwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Nimesoma mbele ya kikundi mambo manne ambayo mkataba unataka yakomeshwe kwa wachimbaji wadogo: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya kwenye kile kizito tu, kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi, na kutia sayanaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, kwenye marudio (mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa) yenye zebaki kabla ya kuitoa zebaki hiyo. Yote manne tumewahi kuyaona hapa wilayani.

15 Septemba 2024: Kukwangua

Udongo wa juu nyuma ya majiko na chini ya mwembe tumeukwangua kwa kina cha kiganja na nusu. Kazi inafanyika alfajiri ardhi ikiwa baridi, udongo unanyunyiziwa maji usitimke, na ufagio ni marufuku, maana unavunja matone na kuyatawanya. Kuku wamefungiwa. Watu wanavaa glavu na buti, nguo za kazi hazirudi nyumbani.

Lililozua mjadala ni salfa. Hapa Lindi na Mtwara kila nyumba yenye mikorosho ina salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ni kweli salfa ikishikana na zebaki inatengeneza kitu kigumu kisichovukiza kirahisi. Wengi wakataka tuinyunyize kijiji kizima, hadi bondeni, kazi iishe.

Nilikataa, na ninaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa kijiji kingine kitapata wazo hilohilo. Salfa iliyonyunyizwa tu juu ya udongo inashikana na zebaki polepole mno. Lazima isuguliwe pamoja nayo. Kisha salfa ikikaa ardhini inageuka salfeti, na kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoishi kwa salfeti. Bakteria hao ni miongoni mwa wale wanaoigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ile inayopanda kutoka kwenye tope hadi kwenye samaki na kwenye punje ya mpunga. Ndiyo iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Kupeleka salfa bondeni kungeweza kuwalisha walewale tunaowaogopa. Kwa hiyo salfa inatumika ndani ya shimo kavu lililozibwa, ambamo udongo uliokwanguliwa utazikwa, na kwenye matone yaliyokusanywa tu. Bondeni haiendi.

6 Oktoba 2024: Mnunuzi wa marudio

Alikuja mtu mwenye lori. Alikuwa amesikia kuna magunia ya udongo uliokwanguliwa mahali palipochomewa dhahabu kwa miaka, na alijua kama sisi tunavyojua kwamba ndani yake kuna dhahabu. Alitoa bei ambayo ingelipa gharama zote za mradi na kubakiza ya mbegu. Alitaka kuupeleka kwenye mabwawa ya sayanaidi.

Sayanaidi inaiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu. Ikishayeyuka inatembea na maji, inapita pale ambapo zebaki yenyewe isingefika. Tungekuwa tumelisafisha jiko letu na kukichafua kisima cha wengine, na bonde hadi bonde maji ya huku yanafika baharini.

Kikao kilikuwa kigumu. Wapo akina mama waliokuwa na ada za shule za kulipa mwezi huohuo, na hawakuwa wakisema upuuzi. Tulikubaliana hivi: udongo upepetwe kwanza kwa karai ndani ya tangi letu la saruji, dhahabu na vitone vya zebaki vitakavyopatikana ni vya kikundi na vinagawanywa, kilichobaki kinazikwa, hakiuzwi. Kilichopatikana kilikuwa kidogo kuliko bei ya lori. Kiliwafikia wote, na karatasi ya mgao ipo kwa mtunza hazina.

10 Novemba 2024: Shimo

Shimo liko kwenye mwinuko, mbali na kisima na juu ya mstari ambao mafuriko yamewahi kufika kwa kumbukumbu za wazee. Ofisa mazingira wa wilaya alifika kabla hatujachimba. Kuta na sakafu ni tofali na saruji. Udongo umewekwa kwa tabaka, kila tabaka na salfa iliyokandwa humo, ukiwa mkavu.

Saruji ya kwanza ya sakafu ilipasuka, kwa sababu ilimwagwa mchana wa jua kali na ikakauka haraka. Ilivunjwa, ikamwagwa upya jioni na kufunikwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima. Mfuniko una mteremko, karatasi nene ya plastiki chini yake, na mfereji wa kuyatenga maji ya mvua pande zote. Pameandikwa kwa herufi kubwa kilicho ndani, kwa sababu sisi tutaondoka na shimo litabaki.

Gharama: saruji, tofali, mchanga na plastiki Sh 640,000, pamoja na sakafu iliyovunjwa. Salfa ilitolewa na wakulima, mabaki ya msimu.

1 Desemba 2024: Hali ilivyo

Kituo kinatoza Sh 1,000 kwa donge, fedha za mkaa na matengenezo. Njia ya kisimani bado haijakwanguliwa. Ni ndefu na fedha zimekwisha, kwa hiyo tumeifunga na kukata njia nyingine upande wa juu. Wanaojificha kuchoma usiku nyumbani bado wapo, hasa wenye madonge madogo wasiotaka jirani ajue wamepata. Kwa ajili yao fundi anatengeneza chungu kidogo zaidi, cha bomba la inchi moja na nusu, kitakachokaa palepale kituoni nyuma ya ukuta wa makuti, mtu achome bila kutazamwa.

Sampuli nyingine za udongo na za mpunga wa bondeni zitachukuliwa mvua zikiisha, mwezi Mei, kwa chupa za kioo. Mchango wa vipimo hivyo umeanza, Sh 2,000 kwa kaya.